Eksirei ya kifua cha kichanga: Kwa nini picha moja haitoshi kutaja ugonjwa

Mtoto amezaliwa saa mbili zilizopita. Anapumua harakaharaka, pua zinatanuka, mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta hewa, na kila pumzi inatoka na mguno. Muuguzi ameshamwekea oksijeni. Daktari anaagiza apigwe eksirei ya kifua.

Wazazi wengi huamini kwamba picha ikishatoka, jibu limepatikana. Kumbe mambo si mepesi hivyo. Magonjwa mawili au matatu ya mapafu ya kichanga yanaweza kutoa picha zinazofanana, na kila ugonjwa una tiba yake.

Weusi na weupe maana yake nini?

Kwenye eksirei, hewa huonekana nyeusi na mifupa huonekana myeupe. Maji na nyama huangukia katikati, kwenye kijivu. Mapafu yenye afya yamejaa hewa, hivyo huwa meusi pande zote mbili.

Yakionekana meupe, basi kuna kitu kimechukua nafasi ya hewa, au hewa yenyewe haijaingia vizuri. Kazi ya daktari ni kujua ni kitu gani. Kwa kichanga hilo ni gumu zaidi, maana muda mfupi tu uliopita, akiwa tumboni, mapafu yake yalikuwa yamejaa majimaji.

Sura nne zinazoonekana mara nyingi

Ya kwanza ni ya mtoto njiti. Mapafu huwa madogo na yana ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ndani ya ukungu huo njia za hewa huonekana kama matawi meusi. Chanzo ni upungufu wa safaktanti, utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinywee na kunatana mtoto anapotoa pumzi. Kwa kawaida utelezi huu hutosha mimba inapokaribia wiki ya 34 au 35.

Ya pili ni maji yaliyochelewa kutoka mapafuni. Huwapata zaidi waliozaliwa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Picha huonyesha mistari myeupe inayotoka katikati ya kifua kwenda pembeni. Wengi hupona ndani ya siku 1 hadi 3 wakisaidiwa kupumua.

Ya tatu ni ya mtoto aliyevuta kinyesi chake cha kwanza kabla au wakati wa kuzaliwa. Mara nyingi mimba huwa imekomaa au imepitiliza. Hapa utaona mabaka, meupe huku na meusi kule, na mapafu yaliyotanuka kwa hewa iliyonaswa.

Ya nne ni nimonia, na hii ndiyo inayosumbua zaidi kwa sababu inaweza kuiga zote tatu. Nimonia ya bakteria wanaoitwa streptokoka wa kundi B, kwa mfano, inaweza kutoa ukungu uleule wa mtoto njiti. Ndiyo maana mara nyingi mtoto huanzishiwa dawa za kuua bakteria wakati majibu ya damu bado yanasubiriwa.

Pale picha inapookoa maisha

Kuna hali ambazo eksirei huzifichua waziwazi. Mojawapo ni hewa iliyovuja nje ya pafu. Upande mmoja wa kifua huwa mweusi tititi, bila alama za mishipa, na hewa ikiwa nyingi moyo husukumwa upande wa pili. Mtoto akizidiwa, hewa hiyo inatakiwa itolewe haraka kwa sindano au mrija.

Nyingine ni tundu kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Utumbo hupanda hadi kifuani, mara nyingi upande wa kushoto. Kumpulizia mtoto huyu hewa kwa barakoa kunaujaza utumbo upepo na kuzidi kubana mapafu. Badala yake huwekewa mrija wa kupumulia kooni, na mwingine wa kutoa hewa tumboni.

Mitego ya picha

Vichanga wana tezi kubwa kifuani iitwayo thaimasi, ambayo wakati mwingine huonekana kama tanga la mashua. Asiyezoea anaweza kuidhania nimonia. Mkunjo wa ngozi nao unaweza kuonekana kama hewa iliyovuja. Na mtoto akipigwa picha akiwa ametoa pumzi, mapafu mazima yanaweza kuonekana meupe.

Kwa hiyo daktari husoma picha pamoja na historia: mimba ilikuwa na wiki ngapi, mtoto alizaliwaje, chupa ilipasuka lini, mama alikuwa na homa, na mtoto ana saa ngapi tangu azaliwe.

Tiba haisubiri picha

Agosti 7, 1963, Rais wa Marekani John F. Kennedy alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa zaidi ya wiki 5 kabla ya wakati. Alifariki Agosti 9 kwa ugonjwa wa upungufu wa safaktanti. Chanzo cha ugonjwa huo kilikuwa kimeshaelezwa mwaka 1959 na Mary Ellen Avery na Jere Mead, lakini tiba yake ilikuwa bado haijapatikana.

Leo ipo CPAP, kifaa kinachosukuma hewa puani ili vifuko visinywee. Nchini Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 71 ya vichanga waliowekewa CPAP ya mapovu walitoka hospitali wakiwa hai, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa oksijeni pekee. Kifaa hiki kinaweza kuanza kutumika hata kabla eksirei haijapigwa.

Mzazi afanye nini?

Usihofu mionzi ya picha moja. Kiasi chake ni kidogo, sawa na mionzi ya asili ambayo mtu hupata ndani ya siku chache.

Muulize daktari maswali matatu: picha inaonyesha nini, kuna ugonjwa gani mwingine unaoweza kufanana na huo, na mtoto ataangaliwa tena lini.

Na ukiwa nyumbani, hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Zikiwa bado hivyo, mpeleke hospitali. Akiguna, mbavu zikibonyea, akishindwa kunyonya au midomo na ulimi vikigeuka rangi ya bluu, usihesabu tena. Mkimbize hospitali hapohapo.