Maini, figo na bandama ya kondoo: Lishe nzito inayohitaji kipimo

KONDOO anapochinjwa, macho ya wanunuzi wengi wa mijini huelekea kwenye paja, mbavu na mkono. Kati ya viungo vya ndani, maini pekee ndiyo yenye wateja wa uhakika. Figo, moyo, bandama na mapafu mara nyingi huhesabiwa kuwa nyongeza, chakula cha watu wenye kipato kidogo au cha kuchanganywa kwenye supu ya asubuhi.

Hata hivyo, vipimo vya maabara vinaonyesha kuwa viungo hivyo vinavyodharauliwa ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya virutubisho vya mnyama huyo. Vilevile vinaonyesha kuwa utajiri huo una mipaka yake, kwani kirutubisho kinachomsaidia mtu mmoja kinaweza kumdhuru mwingine, hususan mama mjamzito.

Suala hili si dogo kwa Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya ya mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59, walikuwa na upungufu wa damu.

Upungufu huo una sababu nyingi, zikiwamo malaria, minyoo na ugonjwa wa selimundu. Lakini sababu mojawapo kubwa ni lishe isiyo na madini ya chuma ya kutosha, na hapo ndipo viungo vya ndani vya kondoo vinapoingia katika mjadala.

Ini ni ghala la mwili

Ini ni kiungo ambacho mwili wa mnyama hukitumia kuhifadhi akiba. Nyama ya kawaida kazi yake ni kuvuta na kusukuma viungo, wakati ini hutunza vitamini na madini kwa ajili ya siku za uhaba. Mtu anayekula ini, kwa hiyo, anakula akiba ambayo mnyama aliikusanya kwa miezi mingi.

Gramu 100 za maini mabichi ya kondoo, sawa na kipande kinachokaa kwenye kiganja cha mkono, huwa na protini ya takriban gramu 20, madini ya chuma miligramu 7.4 na zinki zaidi ya miligramu 4. Kiasi hicho hicho cha nyama ya kawaida ya kondoo huwa na madini ya chuma yasiyofikia miligramu 2.

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa na asiye mjamzito anahitaji takriban miligramu 18 za chuma kwa siku, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Mwanaume huhitaji miligramu 8 tu. Hii ina maana kwamba kipande hicho kimoja kinakaribia kumtosheleza mwanaume, na kumpa mwanamke kama asilimia 40 ya mahitaji yake ya siku.

Utajiri wa maini unaonekana zaidi kwenye vitamini B12, ambayo mwili huitumia kutengeneza chembechembe nyekundu za damu na kulinda mishipa ya fahamu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, wakati gramu 100 za maini ya kondoo huwa na mikrogramu 90 hivi. Vitamini hiyo haipatikani kwenye mchicha, maharage wala nafaka, isipokuwa vyakula vilivyoongezewa virutubisho kiwandani.

Maini pia yana asidi ya foliki, vitamini B2, madini ya shaba na vitamini A kwa wingi. Vitamini A husaidia macho kuona kwenye mwanga hafifu na huimarisha kinga ya mwili dhidi ya maradhi. Wamisri wa kale waliandika juu ya matumizi ya maini kutibu macho zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ingawa hawakuwa na namna ya kujua ni kitu gani ndani yake kilichoponya.

Tiba iliyoleta Tuzo ya Nobel

Katika historia ya tiba, maini yana nafasi ya pekee. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kulikuwa na aina moja ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua karibu kila aliyeugua, na madaktari wa Ulaya na Marekani hawakuwa na dawa yake.

Mtafiti wa Marekani, George Whipple, aligundua kuwa mbwa waliotolewa damu walirejea katika hali yao haraka zaidi walipolishwa maini. Mwaka 1926, madaktari George Minot na William Murphy wa Boston walitangaza kuwa wagonjwa 45 waliopewa chakula chenye maini mengi kila siku walikuwa wamepata nafuu. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1934.

Ilichukua zaidi ya miaka 20 tangu tangazo la Boston kwa wanasayansi kukitambua kitu kilichokuwa kikiponya. Mwaka 1948, vitamini B12 ilitengwa kwa mara ya kwanza kutoka kwenye maini. Leo wagonjwa hao hutibiwa kwa sindano au vidonge, na si kwa kulazimishwa kula maini kila siku.

Figo, moyo na bandama

Maini yakiwa na sifa hizo zote, viungo vingine navyo havipaswi kusahauliwa. Gramu 100 za figo za kondoo huwa na chuma zaidi ya miligramu 6, mafuta kidogo yasiyozidi gramu 3, pamoja na madini ya seleni kwa kiasi kinachozidi mara mbili ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Seleni huisaidia tezi ya shingo kufanya kazi yake.

Moyo una umbile linalofanana na nyama ya kawaida, kwa kuwa nao ni msuli. Tofauti ni kwamba ni msuli usiopumzika, hivyo umejaa protini, vitamini za kundi B na chuma zaidi ya miligramu 4 kwa kila gramu 100.

Bandama ndiyo inayowashangaza wengi. Kiungo hiki, ambacho mara nyingi hutupwa au kupewa mbwa, huchuja chembechembe nyekundu za damu zilizochakaa na kubaki na chuma chake. Gramu 100 za bandama ya kondoo huwa na chuma kinachokaribia miligramu 42, yaani zaidi ya mara tano ya kile kilichomo kwenye maini.

Kwa waumini wa Kiislamu, ambao damu kwao ni haramu, ini na bandama vimehesabiwa kuwa halali. Katika sikukuu ya Idd el-Haj, ambapo familia nyingi huchinja kondoo au mbuzi, maini huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufika jikoni kwa kuwa hayachelewi kuiva na huharibika haraka.

Chuma cha nyama, chuma cha mboga

Wapo wanaouliza iwapo haitoshi kula mchicha, matembele na maharage, vyakula vyenye chuma na vyenye bei nafuu. Jibu lipo kwenye namna tumbo linavyopokea madini hayo.

Chuma kilichomo kwenye damu na viungo vya mnyama hufyonzwa kwa urahisi, kati ya asilimia 15 na 35. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa kiwango kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 10, na hupungua zaidi mtu anapokunywa chai au kahawa pamoja na mlo.

Habari njema ni kwamba viungo hivi husaidia hata mboga iliyo kwenye sahani ileile. Vipande vichache vya maini au bandama vikipikwa na maharage au kuliwa na mchicha huuwezesha mwili kufyonza zaidi chuma cha mboga hizo. Limau, chungwa au nyanya mbichi hufanya kazi kama hiyo. Kwa familia yenye kipato kidogo, hii ina maana kwamba robo kilo inaweza kuwanufaisha watu wengi bila kila mmoja kupewa kipande kikubwa.

Mjamzito achague kiungo

Tahadhari kubwa kuliko zote inamhusu mama mjamzito, na ndiyo inayochanganya watu wengi. Mama huyo anahitaji chuma zaidi ya mtu mwingine yeyote katika familia, takriban miligramu 27 kwa siku, hivyo ndugu humshauri ale maini kwa wingi ‘aongeze damu’.

Tatizo ni vitamini A. Gramu 100 za maini ya kondoo huwa na zaidi ya mikrogramu 7,000 za vitamini hiyo, ilhali kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku. Ikizidi sana, hasa katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, inaweza kusababisha mtoto kuzaliwa na kasoro za maumbile. Uingereza imekuwa ikiwashauri wajawazito kutokula maini tangu mwaka 1990.

Hilo halina maana kwamba mjamzito aviache viungo vyote vya ndani. Moyo na bandama vina chuma kingi na karibu havina vitamini A kabisa, kwa sababu mwili huihifadhi zaidi kwenye ini. Kwa mama anayetaka kuongeza damu kwa chakula, hivyo ni salama zaidi kuliko maini, ilimradi vipikwe vikaiva sawasawa.

Jambo la msingi ni kuendelea kumeza vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki. Chakula husaidia vidonge hivyo, lakini hakichukui nafasi yake.

Kwa watu wazima wengine wenye afya, mlo mmoja wa maini kwa wiki unatosha. Watoto waliokwisha kuanza kula vyakula vya nyongeza wapewe kiasi kidogo tu, yakiwa yamepondwa vizuri, mara moja kwa wiki. Ikumbukwe kuwa watoto wa chini ya miaka mitano hupewa pia matone ya vitamini A katika kampeni za afya.

Jongo, lehemu na damu ya kuongezewa

Viungo vya ndani vina kemikali za asili ambazo mwilini hugeuka kuwa asidi ya yuriki. Asidi hiyo ikizidi hujikusanya kwenye maungio na kuleta maumivu makali ya ugonjwa wa jongo, ambao mara nyingi huanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Mwenye ugonjwa huo anapaswa kuepuka maini, figo na bandama.

Kuhusu lehemu, maini na figo za kondoo zina zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100, na ubongo unazidi miligramu 1,300. Wenye ugonjwa wa moyo au lehemu nyingi katika damu wapate kwanza ushauri wa daktari.

Kundi jingine ni wagonjwa wa selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara. Damu hiyo huja na chuma kinachoweza kurundikana mwilini, hivyo kula maini au bandama kwa wingi kunaweza kuongeza tatizo badala ya kulitatua.

Je, ini ni mfuko wa sumu?

Baadhi ya watu hukwepa maini kwa madai kuwa ndiko sumu zinakohifadhiwa. Ukweli ni kwamba ini huzivunja sumu nyingi na kuzitoa mwilini. Hata hivyo, madini mazito kama kadimiamu huweza kujikusanya kwenye ini na figo kadiri mnyama anavyozeeka, na ndiyo sababu viungo vya kondoo mchanga hupendekezwa zaidi. Vilevile mnyama aliyepewa dawa hapaswi kuchinjwa kabla ya muda uliowekwa kwa dawa hiyo kumalizika.

Hatari nyingine ni minyoo. Malengelenge yenye maji yanayoonekana kwenye ini au mapafu ya kondoo ni dalili ya tegu anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Binadamu huambukizwa kwa kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mbwa, na siyo kwa kula ini hilo. Lakini mbwa akitupiwa kiungo hicho kibichi, mzunguko wa ugonjwa huanza upya. Eneo la Turkana nchini Kenya limewahi kurekodi viwango vya ugonjwa huo kwa binadamu vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa duniani.

Kwa hiyo, mnunuzi ahakikishe nyama imekaguliwa na kupigwa muhuri. Ini zuri huwa na rangi ya hudhurungi iliyokoza, uso laini unaong'aa na harufu isiyo kali. Lenye mabaka meupe, uvimbe au malengelenge lisinunuliwe, na likigundulika nyumbani lichomwe moto au lifukiwe kwa kina.

Jikoni, maini yakatwe vipande vyembamba na kupikwa hadi maji mekundu yaishe, bila kuyakausha. Figo zipasuliwe katikati, sehemu nyeupe iondolewe, kisha ziloweshwe kwenye maji yenye limau ili kupunguza harufu. Bandama ikatwe vipande vidogo na kuchemshwa hadi ilainike. Mchuzi usimwagwe, kwani baadhi ya vitamini huyeyuka ndani yake.