Maharage Yanayomaliza Kuni

Katika kliniki ya watoto, tukishapima uzito na kuzungusha ule utepe wa rangi tatu kwenye mkono wa mtoto, swali letu kwa mama huwa ni moja: mtoto anakula nini? Hapa Ndalambo na katika vijiji vya jirani wilayani Momba jibu halibadiliki sana. Anakula uji. Anakula ugali na mboga za majani. Tukiuliza kama nyumbani maharage yapo, mama anatushangaa. Yapo, tena kwenye gunia. Basi kwa nini mtoto hayapati? Hapo ndipo tunapoambiwa kwamba maharage yanamaliza kuni, kwa hiyo hupikwa Jumapili au siku ya wageni, na mengine hupelekwa Tunduma kuuzwa.

Jibu hilo tumelisikia miaka mingi, na miaka mingi tumelijibu kwa mafundisho. Tulisema maharage yanajenga mwili, yana protini, yana madini ya kuongeza damu. Mama aliitikia kwa heshima, akarudi nyumbani, na maharage yakabaki kwenye gunia. Tulikuwa tunamfundisha jambo analolijua. Alichokosa kilikuwa mzigo wa kuni, na saa tatu za kukaa jikoni baada ya kutoka shambani.

Mwezi huu, basi, tunapenda kuongea nanyi juu ya sufuria ya presha ya umeme, ile ambayo madukani huitwa presha kuka. Wengi wanaiona kuwa ni pambo la watu wa mjini. Sisi tuliinunua kwa kuchangiana, tukaiweka katika nyumba ya wauguzi, na tumeshaizoea kiasi cha kuweza kusema faida zake na hatari zake. Umeme umefika katika vijiji vingi, lakini nyumba nyingi zenye LUKU bado zinautumia kwa taa, redio na kuchaji simu tu. Chakula kinaendelea kupikwa kwenye mafiga, na moshi unaendelea kuingia vifuani.

Kuhusu moshi hatutasema mengi leo, maana tumeshauandika mara nyingi. Itoshe kukumbusha kwamba Serikali yetu inakadiria watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka hapa nchini kwa maradhi yatokanayo na kupikia kuni na mkaa, na kwamba mwezi Mei mwaka 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Sisi tunawaona wodini: mtoto mwenye kichomi, na bibi anayekohoa ingawa hajawahi kuvuta sigara maishani mwake.

Kwa nini maharage yanachelewa kuiva?

Maharage yana ganda gumu, hilo kila mtu anajua. Lakini sisi watu wa nyanda za juu tuna tatizo la ziada. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kule pwani. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo yanavyochemka mapema, kabla hayajapata joto la kutosha. Mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na hata ukiongeza kuni mpaka moto ulie, hayapandi zaidi ya hapo. Kuni zinazoongezwa zinageuza maji kuwa mvuke tu. Mama wa Tanga na mama wa huku wanaweza kupika maharage yaleyale, na wa huku akachelewa.

Sufuria ya presha inalimaliza tatizo hilo kwa kuuzuia mvuke usitoke. Mvuke ukibanwa, maji hupanda kufikia nyuzi 110 hadi 120 bila kukauka. Kwetu sisi wauguzi jambo hili si geni hata kidogo. Ile mashine ya kutakasia vifaa vya upasuaji inafanya kazi kwa njia hiyohiyo: mvuke uliobanwa, nyuzi 121, kwa dakika zisizopungua 15. Mfaransa Charles Chamberland aliitengeneza mwaka 1879, na wazo lenyewe lilitokana na sufuria ya Mfaransa mwingine, Denis Papin, aliyeionyesha London mwaka 1679. Papin alilainisha hata mifupa ndani yake. Ndiye pia aliyeweka kizibo cha usalama, baada ya kutambua kwamba mvuke uliofungwa bila njia ya kutokea ni kama bomu.

Tunavyopika

Tuanze na maharage yenyewe. Yachambue, yaoshe, yaloweke usiku kucha, kisha mwaga yale maji ya kulowekea. Yaweke kwenye sufuria na maji mapya, yafunikwe kwa kina cha vidole viwili. Tia kijiko kimoja cha mafuta ili kupunguza povu. Usijaze zaidi ya nusu ya sufuria, maana maharage yanavimba na kutoa povu. Sisi siku ya kwanza tulijaza karibu na ukingo kwa sababu tulikuwa wengi; povu likapanda, likaingia kwenye tundu la mvuke, na madoa yake yapo ukutani hadi leo.

Funga mfuniko, geuza kizibo cha mvuke kiwe mahali pa kufungia, na weka dakika 25. Maharage ambayo hayakulowekwa yanataka dakika 45 hivi. Makande ya mahindi yaliyokobolewa, yakiwa yamelowekwa pamoja na maharage, tunayapa dakika 50. Nyama ya ng'ombe dakika 30, na kuku wa kienyeji aliyezeeka vivyo hivyo. Kongoro, chakula ambacho akina baba wanakisifu lakini hawakipiki, huchukua saa nzima, ilhali kwenye mkaa kingepikwa nusu siku.

Muuzaji dukani atakuambia kwamba maharage yanaiva kwa dakika 20. Hapo anakupunja kidogo. Dakika zinaanza kuhesabiwa presha ikishapanda, na kupanda kwenyewe ni robo saa. Zikiisha, subiri robo saa nyingine presha ishuke yenyewe. Jumla ni saa moja. Lakini saa hiyo huhitaji kuchochea, kuongeza maji wala kukaa karibu, na mtoto wa kike hatumwi kuni.

Jambo moja tunalisisitiza sana. Maharage, hasa yale mekundu, yasipoiva vizuri yana sumu yake ya asili, na saa moja hadi tatu baada ya kuyala mtu hutapika na kuharisha. Joto la kuchemka sawasawa huiondoa sumu hiyo. Joto dogo haliiondoi. Kwa hiyo usipike maharage kwa kile kitufe cha kupasha au cha kupika polepole. Umeme ukikatika katikati ya kazi, acha mfuniko umefungwa. Ukirudi, anza tena kuhesabu. Usipika kwa kubahatisha: harage lililoiva linapondeka kati ya vidole viwili bila kiini kigumu. Na mahindi au karanga zenye ukungu zisitiwe kabisa, kwani sumu ya ukungu haifi kwa presha wala kwa moto wa kawaida wa jikoni. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Halafu kuna magadi. Tunajua akina mama wengi hutia magadi ili maharage yalainike upesi. Yanalainika kweli, ila magadi huharibu vitamini B1, ambayo mishipa ya fahamu na moyo vinaihitaji. Ukiwa na presha, magadi hayana kazi tena.

Chakula cha mtoto na cha mama mjamzito

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 30 hivi wamedumaa. Kwa jirani zetu wa mkoa wa Rukwa ni karibu nusu ya watoto, na Rukwa ni mkoa wenye mahindi tele. Mtoto anaweza kushiba uji kila siku na bado asikue.

Kama sehemu moja ya tano ya uzito wa maharage makavu ni protini. Kuanzia miezi sita, wakati maziwa ya mama yakiendelea, mtoto anaweza kupewa maharage yaliyoiva hadi kulegea kabisa, yakapondwa na kupitishwa kwenye chujio ili maganda yabaki. Changanya na kiazi au ndizi iliyopondwa, au koroga ndani ya uji mzito, na tia kijiko kidogo cha mafuta au karanga iliyosagwa laini. Anza na vijiko viwili vitatu vya chai, uongeze taratibu. Maharage ya kwenye mafiga mara nyingi yanabaki na ugumu fulani, na mama akiona mtoto anayatema anadhani hayapendi.

Mama mjamzito naye ayale mara kwa mara, kwa sababu ya madini ya chuma na foliki. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki aendelee navyo. Ale na nyanya mbichi, chungwa au limao, ili mwili upokee chuma vizuri, na chai ya majani aiache mpaka baada ya saa moja.

Hatari zake

Mvuke wa sufuria hii unaunguza vibaya kuliko maji ya moto. Kile kipini kidogo kwenye mfuniko kikiwa juu, presha bado ipo, usilazimishe kufungua. Unapogeuza kizibo, tumia mwiko, uso na mkono viwe mbali. Iwekwe mahali ambapo mtoto hafikii wala hawezi kuvuta waya. Ajali ikitokea, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha njooni hospitali. Msipake asali, mafuta, unga wala dawa ya meno. Tunapoteza muda mwingi kuosha dawa ya meno kwenye vidonda, na mtoto analia mara mbili.

Sufuria ya ndani inaoshwa kwa maji. Ile ya nje yenye umeme hufutwa kwa kitambaa tu, nayo isiwekwe kwenye maji wala kwenye mkaa. Ichomekwe kwenye soketi ya ukutani iliyofungwa na fundi, siyo kwenye waya mwembamba wa kuungaunga. Sola ndogo ya taa haiiwezi. Wanaonunua vya mtumba wasome maandishi ya chini: vyombo vya Japani ni vya volti 100, na kwa umeme wetu wa volti 230 vinaungua mara moja. Angalieni pia ule mpira wa mfuniko. Ukiwa umepasuka, presha haipandi.

Gharama ya umeme ndiyo inayowaogopesha akina baba. Sufuria ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika hutumia yuniti moja. Lakini presha ikishapanda inajizima na kujiwasha, hivyo maharage ya familia hayafikii yuniti hiyo. Msituamini sisi: someni LUKU kabla ya kupika na baada ya kupika, mlinganishe na kopo la mkaa. Kununua sufuria yenyewe ndiko kunakouma, na hapo tunawaambia akina baba wazi kwamba simu mpya ilinunuliwa mwaka jana na mwaka juzi. Akina mama wenye vikundi vya kuweka na kukopa wamezoea kununuliana vyombo kwa zamu, na hiki kingeweza kuwa kimojawapo.

Ambaye umeme haujamfikia naye asikate tamaa. Aloweke maharage, ayachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria ikiwa imefunikwa aiweke ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au majani makavu na kufunikwa vizuri. Baada ya saa tatu nne ayarudishe motoni yachemke tena mpaka yaive. Kuni zinapungua sana.

Wazee wanalalamika kwamba maharage ya umeme hayana harufu ya moshi. Ni kweli, hayana. Sisi tunayaunga kwa kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia, nyanya, na karanga za kusaga, na wengi wanaridhika. Bibi mmoja jirani yetu hajaridhika. Anasema maharage ni ya mafiga, na Jumapili anapika yake mwenyewe. Siku nyingine za wiki hutuma mjukuu na bakuli la maharage yaliyolowekwa, tumpikie.