Bursi ya Wenye Akili Inawapeleka Wapi?

Mapadri na makatekista mnajua ginsi wazazi wanavyokuja mlangoni jioni, barua mkononi. Mwaka jana baba mmoja wa parokia alinijia namna hiyo. Binti yake alishinda vizuri mtihani wa Leta, na iniversite moja ilimwandikia kwamba itamsamehe minervali. Iniversite nyingine, ambayo walimu wake waliisifu zaidi, haikumpa kitu. «Padri,» akasema, «kuna shauri gani tena? Feza imekwisha kusema.» Nilikubali naye. Kiisha nikasoma habari za Marekani juu ya jambo hilo hilo, nikaona ya kuwa nilikubali upesi mno.

Sharti kwanza tupambanue. Kuna bursi ya mwenye shida: wanaangalia mfuko wa wazazi. Na kuna bursi ya mwenye akili: wanaangalia alama tu, hata kama baba yake ni tajiri. Iniversite zenye sifa kubwa kabisa, kama Harvard, Yale na Princeton, hazitoi bursi ya namna hii ya pili. Zinasaidia kadiri ya shida. Na kwa nini zitoe? Wenye akili wanakuja wenyewe. Bursi ya akili ni chambo cha yule anayetaka kuwavuta samaki wasiokuja kwake.

Majimbo nayo yameingia katika uvuvi huo, juu ya kuogopa kwamba vijana bora watakwenda kusoma mbali wasirudi. Jimbo la Georgia lilianza mwaka 1993 na bursi inayoitwa HOPE, inayolipwa na feza za bahati nasibu ya jimbo (hilo nalo lingetaka makala yake). Ikafanikiwa: wengi walibaki, na alama za wale wanaoingia Iniversite ya Georgia zikapanda. Lakini wataalamu wawili, Christopher Cornwell na David Mustard, waliona kitu cha kuchekesha kidogo. Katika sehemu za matajiri watu walinunua motokari zaidi. Maana watoto wao wangesoma vyovyote. Bursi ikaacha feza mfukoni mwa baba.

Lakini habari iliyonisimamisha ni ya Massachusetts. Huko, kwa wale waliomaliza sekondari mwaka 2005 na kuendelea, jimbo liliweka bursi yenye jina la John na Abigail Adams, yaani rais wa pili wa Marekani na mke wake. Mtoto akipata alama za juu katika mtihani wa jimbo, tena akiwa katika robo ya kwanza ya wilaya yake, anasamehewa minervali miaka minne, mradi asome katika shule kuu ya serikali ya jimbo lile lile. Akienda Boston College kwa Wajesuiti, au iniversite nyingine isiyo ya serikali, hapati kitu.

Sasa tuhesabu. Katika miaka ile, minervali ya iniversite ya serikali ya Amherst ilikuwa dola 1.714 kwa mwaka. Kwa miaka minne haifiki dola 7.000. Lakini malipo mengine ya lazima, yenye jina lingine tu, yalikuwa zaidi ya mara nne ya minervali, na hayo bursi haikuyagusa. Wala chumba wala chakula. Barua ilisema «minervali bure», na mzazi alisikia «masomo bure».

Sarah Cohodes na Joshua Goodman walichunguza matokeo, wakayatangaza mwaka 2014. Njia yao ni nyepesi kufahamu. Walichukua watoto waliopita mstari wa bursi kwa alama chache sana, na wale walioukosa kwa alama chache sana. Watoto hao karibu ni sawa kwa akili. Kinachowatenga ni barua ile. Wakaona kwamba baadhi ya waliopata bursi waliacha iniversite ambazo wanafunzi wengi zaidi wanamaliza, wakaenda zile ambazo wachache zaidi wanamaliza. Na walioitumia bursi walipunguza nafasi yao ya kupata diploma. Watoto wenye akili, wamepewa zawadi, wakapungukiwa juu ya zawadi! Kwa yule ambaye angekwenda Amherst vyovyote, ilikuwa faida tu. Hasara ilimpata yule aliyegeuza njia.

Wala nazani si feza tu iliyowageuza. Barua ya bursi ni heshima: mtoto anaitwa kwa jina lake, anasifiwa mbele ya jamaa. Iniversite isiyoandika kitu inaonekana kama inamzarau.

Basi nilimrudia yule baba. Tukakaa pamoja na binti nje ya nyumba yao, tukaandika katika daftari: minervali, malipo mengine, chumba, chakula, safari. Kiisha nilimtuma binti awaulize wanafunzi wa iniversite zote mbili: kati ya wale walioingia pamoja nanyi mwaka wa kwanza, wangapi wamefika mwaka wa mwisho? Alirudi nyuma ya juma mbili na majibu. Minervali iliyosamehewa ilikuwa ndogo kuliko bei ya chumba katika mji ule, na hesabu za waliofika mwisho hazikufanana hata kidogo. Baba alitazama ukurasa kwa muda mrefu. Akaniomba daftari, aende kumsomea mama yake nyumbani.