Damu kwenye mkojo si kichocho siku zote

Kijana wa Mtoni akikojoa damu, jibu hulipata hata kabla hajafika zahanati: ni kichocho, au ni yutiai. Mara nyingi ni kweli, na dawa humponya. Ila upo ugonjwa mwingine, nadra sana, unaowapata hasa watu wa rika letu.

Ni saratani inayoanzia sehemu ya ndani ya figo. Mwaka 1995 Davis na wenzake, huko Marekani, walieleza wagonjwa 34 wenye umri wa miaka 11 hadi 39. Karibu wote walikuwa na asili ya Afrika na walibeba kinasaba cha selimundu. Tusichanganye: kubeba kinasaba kimoja si kuugua selimundu. Mbebaji huishi mzima, hucheza mpira, na pengine hajui kabisa kwamba anacho. Inadhaniwa kwamba mle ndani ya figo, penye oksijeni kidogo na chumvi nyingi, seli zake nyekundu hujipinda na kuumiza mishipa midogo. Wabebaji nchini mwetu ni wengi, na karibu wote hawatapata saratani hii kamwe, kwa hiyo hakuna haja ya kutishana.

Shida ni kuchelewa. Wengi hugundulika saratani imeshafika kwenye tezi, mapafu au ini, na hapo muda uliobaki huwa mfupi. Damu ikirudi baada ya dawa, au ikija na maumivu ya ubavuni, mara nyingi wa kulia, na kukonda, tusinunue dawa ileile mara ya tatu. Tuombe rufaa kwenda Hospitali ya Temeke au Muhimbili kwa ultrasaundi na CT-skani.

Picha huonyesha uvimbe tu. Jina la ugonjwa hutoka maabara. Mtaalamu hukata kinyama, hukitazama kwa darubini na kutafuta protini iitwayo INI1, ambayo katika saratani hii hupotea. Asipoambiwa habari ya selimundu, anaweza asiitafute, na mgonjwa akapewa dawa za saratani ya figo ya kawaida, ambazo hapa hazisaidii sana. (Sisi wa falsafa tunajua swali lisiloulizwa linavyogharimu.)

Siku hizi wachumba wengi huhimizwa kupima selimundu kwa ajili ya watoto watakaowazaa. Majibu yale wasiyatupe baada ya harusi. Daktari anayetafuta chanzo cha damu kwenye mkojo atayahitaji.