Kutafuta Nyimbo Mpya na Kuzikata kwa Vitufe: Msaada kwa Somo la Kusikiliza

Walimu wengi wa Kiswahili hapa Uganda huleta wimbo darasani, huucheza mzima, kisha huuliza, "Mmesikia nini?" Wanafunzi wamefurahia mdundo, lakini maneno yamewapita. Mwanafunzi aliyekua akisema Kiganda huweza kuandika "karamu" mahali pa "kalamu". Mwalimu hudhani ni kosa la tahajia, kumbe tatizo ni sikio, na sikio hufunzwa kwa kipande cha sekunde tano kinachorudiwa, si kwa wimbo wa dakika sita. Makala haya yanaeleza namna ya kupata wimbo na kukikata kipande hicho.

Kwanza, kupata wimbo. Tusirudie nyimbo zile zile tulizofundishiwa sisi. Njia rahisi ni kufuata jina. Ukianza na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, utafikishwa kwa Orchestra Makassy, bendi iliyompokea, kisha Super Matimila. Ukianza na Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, utafika Nairobi kwa Orchestra Virunga. Faida yake ni kwamba mwanafunzi husikia Kiswahili cha waimbaji waliohamia kutoka kwingine.

Pili, kukata. Audacity ni programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupoteza robo ya kipindi akihangaika na kipanya huku darasa likipiga soga. Vitufe vifuatavyo, vya toleo la 3 kwenye Windows, vingemwokoa:

- Kitufe cha nafasi: kuanzisha na kusimamisha sauti. Ukiwa umechagua sehemu, husikika sehemu hiyo tu.
- Ctrl+M: kuweka lebo pale sauti ilipofika, bila kuisimamisha.
- Ctrl+B: kuweka lebo kwenye sehemu uliyoichagua.
- Ctrl+T: kubakiza sehemu uliyoichagua na kuondoa nyingine.
- Ctrl+Z: kutangua kosa.

Angalizo: ukishaandika lebo, bonyeza Enter. Usipofanya hivyo, kitufe cha nafasi kitaandika nafasi ndani ya lebo, nawe utadhani kompyuta imekwama.

Utaratibu wenyewe ni huu. Fanya kazi kwenye nakala, si faili la asili. Sikiliza wimbo mara moja, ukibonyeza Ctrl+M kila unaposikia umbo unalolifundisha, kwa mfano "-ki-" ya masharti. Rudi kwenye lebo moja, chagua sentensi nzima, usikie, ndipo ukate. Usikate katikati ya neno, maana silabi moja ikipotea, "nikikupa" itakuwa "nikupa". Mwimbaji akienda mbio, programu inaweza kupunguza mwendo bila kushusha sauti yake iwe nzito.

Vipande hivyo ni vya mazoezi ya darasani. Wimbo ni mali ya mwenyewe, kwa hiyo tusivisambaze, na tuwatajie wanafunzi jina la msanii.

Jaribu wiki hii: kipande kimoja, mara tatu, kalamu mkononi. Kisha linganisha walichoandika mara ya kwanza na ya tatu. Hapo utajua nani hajui neno, na nani alikuwa hajalisikia.