Ridhaa ya Mnyama na Mipaka ya Mwenye Fimbo

Ridhaa ni kukubali kwa hiari jambo ambalo mtu amelielewa na ana uwezo wa kulikataa. Mgonjwa huitoa kabla ya kupasuliwa, na wachumba kabla ya kufungishwa ndoa. Mtoto mchanga hawezi kuitoa, kwa hiyo mzazi huamua kwa niaba yake akitazama masilahi ya mtoto. Mnyama naye hawezi, ila anayemwamulia ndiye huyohuyo anayeuza maziwa yake, anayempakia mizigo na kula nyama yake. Ni kesi ambayo mdai amekalia kiti cha hakimu. Maadili ya ufugaji na sheria za kuzuia ukatili zipo ili kumwekea hakimu huyo mipaka.

Dindira, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ni nchi ya chai na mashamba madogo ya wakulima. Ng'ombe wa maziwa wa milimani aghalabu hufugwa bandani: hukatiwa majani, huletewa pumba, hutekewa maji. Bandani amekingwa na mvua, jua na wezi, lakini hana tena uamuzi wowote. Mwenzake anayechungwa kwenye nyika za Handeni akishikwa na kiu anaweza kuelekea lamboni. Wa bandani husubiri ndoo. Sakafu ikijaa tope na kinyesi, hulala humohumo. Kadiri mnyama anavyonyimwa nafasi ya kujichagulia, ndivyo deni la anayemfungia linavyokua.

Deni hilo limekwisha kuorodheshwa. Mwaka 1965 kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na Profesa Rogers Brambell ilitoa ripoti juu ya ufugaji wa kufungia. Kazi yake ilizaa orodha iliyotangazwa mwaka 1979: mnyama asiwe na njaa wala kiu, awe na makazi yasiyomsumbua, akingwe na maumivu, majeraha na magonjwa, asiishi kwa hofu na dhiki, apate nafasi ya kufuata tabia zake za asili. Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na kumtendea ukatili ni kosa. Sheria hiyo haikatazi kufuga, kufanyisha kazi wala kuchinja. Inakataza kutesa.

Mnyama asiyeweza kukubali bado anajua kukataa. Punda aliyeelemewa na mzigo wa maji hulaza masikio nyuma, husimama katikati ya njia, hulala chini na mzigo wake, au hupiga teke. Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke, na methali hiyo imemjengea mnyama huyu sifa ya utovu wa fadhila. Lakini teke huweza kuwa na sababu iliyo mgongoni: kidonda chini ya kamba, au mzigo uliopita kiasi. Madumu manne ya lita 20 yakijaa maji ni kilo 80. Wataalamu wa wanyama kazi hushauri mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Kwa punda wa kilo 150, theluthi hiyo ni kilo 50. Anayemchapa punda aliyesimama anamwadhibu kwa kusema kweli.

Si kila maumivu ni ukatili. Sindano ya chanjo humuuma ndama, lakini faida ni yake. Kuhasi na kupiga chapa ni kwa faida ya mwenye mali, na hapo wajibu huwa mzito zaidi: kazi ifanywe mnyama akiwa mdogo, na mtu aliyefunzwa, kwa ganzi inapopatikana. Kumsokota mkia ng'ombe aliyechoka, au kumshindilia kwenye lori bila maji kutoka mnadani hadi Dar es Salaam, hakumfai mnyama wala hakumpi mwenye mali kitu ambacho asingekipata kwa subira. Huo ndio ukatili: mateso yasiyo ya lazima.

Hata kifo kina adabu yake. Mafundisho ya Kiislamu yanataka kisu kiwe kikali, kisinolewe mbele ya mnyama, wala mmoja asichinjwe mwenzake akitazama. Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Mwanafalsafa wa Marekani Tom Regan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alidai kwamba mnyama ana thamani yake mwenyewe, kwa hiyo ni kosa kumfanya chombo cha mwingine hata akitunzwa vizuri.

Afrika nayo imechora mpaka. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mkutanoni Addis Ababa, walikubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya biashara ya ngozi. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, hivyo machinjio yalikuwa yakiwamaliza punda haraka kuliko uzazi unavyowarudisha.

Kazi bila fimbo inawezekana. Mjini Morogoro, shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akipatia husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula. Hiyo bado si ridhaa kama ya mgonjwa au ya mchumba, lakini ni kazi ambayo mnyama huisogelea mwenyewe. Mfugaji wa Dindira au wa Handeni anaweza kutumia kipimo hichohicho kila asubuhi: kutazama kama mnyama wake anamsogelea au anamkimbia.