Lamu: Tandiko lisilokaa sawa huumiza punda na mpandaji

LAMU – Katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu, pwani ya Kenya, ambamo gari halipiti, punda ndiye anayebeba mchanga, mawe ya kujengea na watu. Akipata kidonda mgongoni, kipato cha mwenye punda husimama.

Chanzo kimoja cha vidonda hivyo ni tandiko au soji isiyomkaa sawa. Kanuni ni ileile ya farasi wa mashindano: uzito ulale kwenye nyama za pande mbili, uti wa mgongo ubaki huru. Tandiko jembamba hubana mabega. Pana mno hushuka na kugandamiza uti.

Mpandaji naye huathirika. Kiti kikimsukuma nyuma, uzito wake hulemea sehemu moja, na kiuno chake huuma.

Mwaka 1987, shirika la Uingereza The Donkey Sanctuary lilifungua Lamu kituo cha kutibu punda bila malipo. Hata hivyo, kinga iko mikononi mwa mwenye punda: apitishe mkono chini ya tandiko kabla ya safari, na akague mgongo baada ya kulivua. Punda akinenepa au kukonda, tandiko la mwaka jana huenda lisimfae tena.